Fimbo za Kuvulia Papa

Gari la Bwana Telfa lilipoacha barabara ya Shelui na kuingia Ulemo, Rahabu alikuwa kisimani, mikono yote miwili kwenye mpini wa gurudumu, na debe la maji lilikuwa nusu ya safari ya kupanda. Alilisikia gari. Kila mtu alilisikia, maana tangu vita ianze petroli ilikuwa adimu kama mvua, na gari lolote lililopita huko lilikuwa habari ya wiki nzima. Lakini mwanamke hawezi kuachia debe lililoning'inia shimoni kwa sababu ya gari. Akaendelea kuzungusha.

Mzungu akateremka. Alikuwa amekonda kuliko alivyoondoka, masharubu yameingia mvi, na mguu wa kushoto alikuwa akiuburuta kidogo. Akazitazama zile nguzo mbili zenye panda zilizosimikwa ukingoni mwa shimo. Akaitazama fimbo nene iliyolazwa juu ya panda na kukazwa kwa kanda za ngozi ya ng'ombe. Mwisho akalitazama gurudumu lenyewe, jeusi, lenye mabamba ya shaba pembeni, kubwa kama kichwa cha mtoto, na mpini wake uliosuguliwa na viganja vya wanawake mpaka ukang'aa.

“Nini hii?” akauliza.

“Maji, Bwana,” Rahabu akajibu, akalivuta debe ukingoni na kulitua. “Jambo. Umerudi salama?”

Bwana Telfa hakujibu salamu. Uso wake ulikuwa umepanda damu, akabaki amelinyooshea kidole lile gurudumu kama mtu aliyemkuta mwizi ndani ya nyumba. Wanawake waliokuwa wakisubiri maji wakainamisha vichwa. Hakuna aliyeondoka, maana ugomvi wa watu wengine haukatazwi kutazamwa, na zaidi ya hayo madebe yao yalikuwa bado matupu.

Vile vitu vilikuwa vyake kweli. Zilikuwa fimbo tatu na magurudumu yake matatu, za kuvulia papa, samaki wa baharini ambaye Ulemo nzima haikupata kumwona isipokuwa kwenye picha. Kabla ya vita Bwana Telfa alikuwa msimamizi kwenye machimbo ya dhahabu huko chini ya Shelui, na Lazaro, mume wa Rahabu, alikuwa mpishi wake. Kila likizo Bwana alishuka pwani na sanduku lake refu, akarudi na picha mpya: yeye na kofia yake, pembeni yake samaki aliyetundikwa kwa mkia, mrefu kumzidi. Rahabu alipoonyeshwa picha hiyo mara ya kwanza aliuliza swali moja tu: “Na nyama waliipeleka wapi?” Lazaro akasema waliitupa. Tangu siku hiyo Rahabu alimweka Bwana Telfa kwenye kundi lake mwenyewe la watu, na hakuona sababu ya kumtoa humo.

Alipoitwa vitani, Bwana alilileta lile sanduku nyumbani kwao, akiogopa mchwa na wezi wa machimboni. Wakati huo Lazaro na Rahabu walikuwa wakitunza ng'ombe wa tajiri mmoja wa Iguguno. Bwana akawaona zizini, akauliza ni wa nani. Lazaro akamweleza desturi: mwenye mali anakuwekea ng'ombe, wanabaki wake, wewe unakunywa maziwa na kulimia samadi, hutauza hata mkia, ng'ombe akifa unampelekea mwenyewe ngozi aione, na ukitunza vizuri, siku ya kuwachukua atakuachia ndama awe wako. Bwana alicheka mpaka akashika kiuno. Akalipiga lile sanduku kwa kiganja, akasema, “Basi na hizi ni ng'ombe zangu. Tunza hivyo hivyo.” Akanywa kibuyu cha maziwa, akaenda zake Abisinia kupigana.

Kwake yeye ulikuwa mzaha. Lakini nchi hii ina mizaha ya kila namna, ya shemeji, ya watani, hata ya misibani, ila mzaha wa ng'ombe haina. Siku ile Rahabu alipokea kundi la mifugo ya mbao na shaba, na akaanza kulichunga.

Halafu ikaja njaa ya wakati wa vita. Mvua ikakataa, visima vikakauka, maji yakabaki kwenye shimo moja tu, refu na jembamba, lililochimbwa na watafuta dhahabu wakaliacha. Kamba za mkonge zilikuwa zimekwenda vitani zote. Za magome zilikatika, na kila iliyokatika ilizama na debe la mtu. Ndipo Rahabu alipofungua sanduku. Lazaro alimsihi asiguse. Yeye akamwambia, “Ng'ombe wa mtu anakamuliwa,” akaibeba fimbo ya kwanza begani mpaka shimoni. Uzi wake ulikuwa mwembamba kuliko kamba ya kiatu, na uliinua debe zima bila kulalamika.

“Boi!” Bwana Telfa aliita sasa, na Lazaro akaja mbio kutoka shambani, jembe mkononi, jasho likimtiririka. Alipofika akavua kofia. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wanne, ameanza kupata upara, na alisimama mbele ya wake wa jirani zake kama mtoto aliyevunja chungu.

“Nani alikwambia tumia fimbo yangu?”

“Bwana, ilikuwa njaa—”

“Mimi nauliza nani!”

“Hakuna, Bwana.”

“Hii ilikuwa ya baba yangu. Unajua bei yake? Hujui. Hata ukiuzwa wewe na nyumba yako haifiki.” Bwana akageuka, akatazama huku na huku kama anayetafuta kitu cha kulipiza, na macho yake yakatua kwenye zizi la Lazaro, umbali wa kutupa jiwe. Ndani yake alisimama ng'ombe mmoja mwekundu na ndama wake. “Yule wa nani?”

“Wetu, Bwana,” Rahabu akasema kabla mumewe hajafungua kinywa.

“Basi ni wangu. Keshokutwa kwa jumbe. Ulete ng'ombe na ndama, na vitu vyangu vyote.” Kisha akampiga Lazaro begani, kwa upole uliomuudhi Rahabu kuliko yale makelele. “Ukileta bila maneno, kazi yako ya jikoni iko. Mimi sina ubaya.”

Gari likaondoka. Lazaro akabaki ameshika kofia. Mwanamke mmoja akasukuma debe lake mbele kwa mguu, taratibu, kwa sababu zamu ilikuwa yake.

*

“Tumpe,” alisema Lazaro jioni ile, hata kabla ya kuketi.

Rahabu alikuwa akisonga ugali. Hakugeuka. Maria, binti yao mkubwa, alitazama uso wa mama, akawachukua wadogo zake na kuwapeleka nje.

“Mama Maria, nasema tumpe. Nitarudi kazini. Kwa mshahara tutanunua mwingine.”

“Lini?”

“Mungu akijalia.”

“Huyu Mungu alijalia baada ya muda gani, Baba Maria?”

Lazaro alijua jibu. Yule ng'ombe mwekundu ndiye ndama waliyeachiwa na tajiri wa Iguguno, baada ya miaka ya kuamka alfajiri kuzoa samadi ya mifugo ya mtu. Watoto wao wote wanne walikulia maziwa ya kuwekewa. Yule wa tano, aliyeachishwa ziwa mwaka wa njaa, tajiri ameshachukua wake na ng'ombe huyu hajazaa bado, hawakuwa naye tena. Nyumba isiyo na ng'ombe Ulemo haikosi jina, ila jina lenyewe husemwa ukiwa umeshatoka.

“Mwenye nguvu mpishe,” Lazaro akasema, sauti imeshuka.

“Nimempisha mpaka mgongo umefika ukutani. Sasa nipite wapi?”

“Ni mzungu! Akisema neno bomani nitalala ndani. Wewe utanitoa?”

“Ulimsikia siku ile aliposema ni ng'ombe zake, au hukumsikia?”

“Alikuwa anacheka.”

“Sikuulizi alikuwa anafanya nini na meno yake. Alisema au hakusema?”

Lazaro akachukua kofia yake, akaenda kukaa zizini mpaka ugali ukapoa. Rahabu alimwona kupitia mlangoni akimkuna ng'ombe nyuma ya masikio. Alikasirika naye, na wakati huohuo alimwonea huruma kiasi cha kutaka kulia. Lazaro hakuzaliwa mwoga. Alijifunza woga jikoni, mwaka hadi mwaka, pamoja na supu na keki.

*

Jumbe Manase aliweka viti viwili uani kwake, kimoja chake na kingine cha kuazima kutoka kanisani, kwa ajili ya Bwana. Wazee wakakaa kwenye magogo. Wanawake wakakaa upande wa ua, pamoja na mke wa jumbe mwenyewe. Lazaro alisimamishwa juani. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye mti, na ndama wake alikuwa akinyonya bila habari kwamba anafanyiwa kesi.

“Lazaro,” jumbe alianza, akijaribu kuonekana mtu mwenye haraka, “umetumia mali ya Bwana bila ruhusa, na nyingine umeiharibu. Lakini ng'ombe umemleta kwa heshima. Mambo yaishe hapa.”

“Shikamoo jumbe,” Rahabu akasema. Alikuwa amefika wakati huohuo na furushi la ngozi kichwani. “Nina neno.”

“Marahaba. Mume wako yupo, mama.”

“Yupo, na amenyamaza. Fimbo nilizitumia mimi. Mkimtoza yeye mtakuwa mmemtoza mtu ambaye hakugusa hata mpini.”

Jumbe akamtazama Bwana. Bwana akatazama saa yake. Hapo mzee mmoja kwenye magogo, Mughwai, ambaye hakupenda pombe wala nyama kama alivyopenda kesi, akacheka kwa kikohozi. “Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni,” akasema. “Mwacheni aseme. Tumetoka mbali kuja kusikia.”

Rahabu akatua furushi katikati ya uwanja, akalifungua. Ndani ya ile ngozi kulikuwa na fimbo iliyovunjika vipande viwili, pete zake za shaba zimefungwa pamoja kwa kitambaa, gurudumu lililopasuka, na uzi mzee uliooza, umezungushwa vizuri kwenye kijiti. Akavipanga chini kimoja kimoja.

Wazee wakainama mbele. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mmoja akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeonyeshwa alama ya meno ya fisi.

“Takataka gani hii?” Bwana Telfa akauliza.

“Ni ngozi, Bwana,” Rahabu akasema. “Uliniwekea watatu. Huyu alikufa. Debe lilinasa kwenye jiwe, tukavuta, akavunjika. Ngozi yake ndiyo hii. Hesabu pete, haikupungua hata moja. Wa pili yumo sandukuni, mzima. Nilikuwa namtoa na kumpaka samli asiliwe na mchwa. Samli ambayo watoto wangu hawakula. Wa tatu umemwona mwenyewe kisimani. Huyo nilimkamua, na kila siku uzi wake niliuanika juu ya ua kama ulivyomfundisha Lazaro. Mwenye duka mmoja wa Shelui alikuja na fedha akitaka gurudumu. Nikamwambia si langu.”

“Hizi si ng'ombe!”

“Wewe ndiye uliyesema ni ng'ombe.”

“Mimi?” Bwana akasimama. “Mimi sijasema neno kama hilo. Huyu mwanamke mwongo.”

Neno lile halikuwa dogo. Mwanamke aliyeitwa mwongo mbele ya wazee, asipojisafisha palepale, atalibeba mpaka kaburini, na binti zake watalirithi.

“Nani mwingine alisikia?” jumbe akauliza.

“Lazaro alikuwepo,” Rahabu akasema. Hakumtazama mumewe. Aliogopa kumtazama. Kama angeukuta uso ule wa jikoni, asingeweza tena kusimama pale wala kurudi naye nyumba moja.

Bwana Telfa akamwendea Lazaro, akashusha sauti. “Lazaro. Wewe mtu wangu. Kazi iko, nyumba ya mpishi iko. Sema kweli tu. Mimi nilisema hivyo?”

Lazaro alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili. Ng'ombe akapiga mkia. Mke wa jumbe akameza mate mpaka jirani yake akasikia. Hatimaye Lazaro akasema, akiwa bado anatazama chini:

“Ulisema, Bwana.”

“Sema tena?”

Sasa akainua macho. “Ulisema. Ulipiga sanduku kwa mkono, ukasema hizi ni ng'ombe zangu, tunza hivyo hivyo. Ulikuwa unacheka. Mimi sikucheka. Mke wangu naye hakucheka. Halafu ukanywa maziwa yetu ukaenda.”

“Ulikuwa mzaha, mjinga wewe!”

“Ehee!” Mughwai akapiga goti lake. “Kumbe alisema!”

Magogo yakaanza kunong'ona. Jumbe Manase akajifuta uso kwa kitambaa, na Rahabu hakumwonea huruma hata chembe. Alijua hesabu anazopiga: mzungu huyu akienda kunung'unika bomani, cheo cha jumbe kinaweza kukatika kama kamba ya magome. Kwa hiyo akaamua kumsaidia kuzipiga.

“Jumbe, mwaka ule wa njaa, hapa kwako mlikunywa maji ya wapi?”

Jumbe akakunja kitambaa chake.

“Kama kukamua ni wizi, na aliyekunywa naye atoe ng'ombe. Mimi nitawataja mmoja mmoja. Nianzie wapi?”

Upande wa ua mke wa jumbe akakohoa, kikohozi kirefu, kikavu, cha mke ambaye atakuwa na la kusema baadaye chumbani.

“Inatosha,” jumbe akasema. Akasimama, na kwa kuwa hakuwa na mahali pa kutazama akamtazama ndama. “Bwana, mimi kesi za barua sizijui, ila kesi ya ng'ombe naijua. Neno ni lako, umelisema mwenyewe. Ngozi umeonyeshwa. Ng'ombe wa Lazaro arudi kwao. Wewe chukua vilivyo vyako. Kama hukuridhika, boma liko Singida.”

Lazaro akaanza kufungua kamba mtini, fundo likamshinda, ikabidi Mughwai ainuke kumsaidia.

“Vizuri,” Bwana Telfa akasema huku ameuma meno. “Nitakwenda boma. Sasa lete gurudumu la kisimani.”

“Bado ndama wangu,” Rahabu akasema.

Hata wazee walishtuka. “Mama Maria!” Lazaro akaita.

“Nimetunza vita nzima. Mtunzaji haondoki mikono mitupu, hilo si la kwangu, ni la wote waliokaa hapa. Bwana achukue yule wa sandukuni, ni mzima, ataua naye papa wengi na kuwatupa. Wa kisimani ni wangu.”

“Rahabu, umeshinda,” jumbe akamsihi. “Nenda nyumbani.”

“Nimerudishiwa ng'ombe aliyekuwa wangu. Huko kushinda ni wapi?”

Akakunja ile ngozi tupu, akaiweka kwapani, akatoka. Mwanamke mmoja akainuka kumfuata, kisha wa pili, kisha mke wa jumbe, ambaye mumewe alimwita kwa jina naye akafanya kama upepo umelichukua.

*

Bwana Telfa alifika kisimani kwa gari, wao kwa miguu, lakini njia ya mkato ya kupitia mashamba ya uwele iliwafikisha mapema. Alimkuta Rahabu ameshateremsha debe. Lazaro alikuwa amesimama upande wa pili wa shimo, jasho jembamba usoni, kofia kichwani. Sanduku refu lilikuwa limetolewa na kuwekwa kando ya njia, limefungwa, tayari kupakiwa.

Mzungu akauweka mkono wake juu ya fimbo. Rahabu hakuutoa wake kwenye mpini.

“Achia.”

“Debe liko chini, Bwana. Nikiachia litazama, na ni la mke wa jumbe.”

Bwana akamtazama, kisha akawatazama wanawake. Walikuwa wengi kuliko siku ile, na hakuna aliyeinamisha kichwa. Walisimama tu na madebe yao, wakimtazama usoni, jambo ambalo huenda hakuwahi kufanyiwa na watu wengi namna ile kwa wakati mmoja. Mkono wake ukakaa juu ya fimbo muda mrefu. Rahabu akaukaza mpini, akamwomba Mungu debe lisigonge ukuta wa shimo na kuonyesha hofu yake.

Bwana akaondoa mkono.

“Lazaro, pakia sanduku.”

“Ndiyo, Bwana,” Lazaro akasema. Akaliinua, akalipakia kwa uangalifu, akaufunga mlango wa gari. Kisha akarudi palepale alipokuwa amesimama.

“Kazi hakuna.”

“Nimesikia, Bwana.”

“Nitarudi na askari. Mtaona!”

Gari likageuka, likarusha vumbi juu ya madebe, na kina mama wakayafunika kwa khanga zao. Lazaro alilitazama mpaka lilipoingia barabarani na kushika upande wa Singida.

“Unajua atawaleta kweli,” akamwambia mkewe.

“Najua.”

“Sasa tutafanyaje wakija?”

Rahabu akazungusha mpini mara ya mwisho, debe likatokeza ukingoni limejaa pomoni. Akamsogezea mke wa jumbe, akanyoosha mkono kupokea la mwingine.

“Waache waje,” akasema. “Kutoka Singida mpaka hapa, watafika na kiu.”